Aliyekaa Upande wa Ukuta

Bura,
20 Januari 1980

Kaka Mwandawiro,

Hujambo huko Nairobi? Sisi tunaendelea. Mama anakusalimu, anasema yule mbuzi mwekundu uliyemwacha angali ananyonya sasa ni mama wa mapacha. Kabichi zimekubali. Mimi nimemaliza Form Four na ninangoja matokeo. Naona aibu kukaa nyumbani bila kazi, na naona aibu vilevile kutoka nje. Unanijua. Hata padre akinisalimu nakosa pa kuweka mikono.

Kaka, nina jambo ambalo mama amenikataza kukuandikia. Ukijibu, tumia sanduku la misheni, jina langu. Baba haoni vizuri. Mbele anaona, lakini pembeni kumezibika kama farasi aliyefungwa ngozi machoni. Tulimpeleka hospitali. Daktari alisema ugonjwa huu haurudi nyuma, na asiendeshe gari tena. Baba akamshukuru daktari sana, akatoka, akaingia kwenye gari lake la pijo, akatuendesha mpaka nyumbani.

Kila siku ya soko bado anawashusha akina mama na mizigo yao Voi. Huku juu hakuna gari jingine. Nimeanza kukaa naye mbele. Nasema, "Ng'ombe hao wanene, baba, wale wa kulia," kama mtu anayepiga soga tu. Anajibu, "Nawaona," na najua hawaoni.

Unapakumbuka pale penye msalaba wa zamani, mteremko unapoanza? Bado anatoa gia pale na kuliacha gari lishuke fri. Petroli imepanda bei, kwa hiyo sasa anaitoa mapema zaidi. Injini ikinyamaza, akina mama kule nyuma wanaanza kusikilizana, na papo hapo wanaanza wimbo. Wanaimba mpaka darajani. Nilipokuwa mdogo niliupenda wimbo ule kuliko soko lenyewe. Siku hizi ukianza nashikilia kiti kwa mikono miwili.

Rudi uendeshe wewe, kaka. Wewe umekwenda hata kwenye mashindano ya magari. Baba alikasirika ulipoacha kazi ya karani ukamfuata Badawy na magari yake, lakini hasira ile imezeeka.

Mdogo wako,
Wakio


Nairobi,
9 Februari 1980

Wakio,

Barua imenifika. Ninakula, ninalala, sina homa. Mwambie mama asiuze hao mapacha.

Siwezi kuja. Siku hizi niko stoo, natoa spea dirishani, na tajiri wangu hatoi ruhusa. Lakini kuna jambo linalowezekana. Wewe una umri wa leseni. Mwombe baba akufundishe kuwasha, klachi na gia. Hayo anayajua. Yale asiyoyajua nitakuandikia mimi.

La kwanza, keti karibu na usukani, mgongo ukiegemea kiti. Ushike kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mmoja kulia, kama unavyoshika karai lililojaa maji.

La pili, gari hufuata macho. Ukilitazama shimo utaingia shimoni. Tazama unakotaka kwenda.

La tatu, mwendo hupunguzwa kabla ya kona. Ukiwa ndani ya kona umeshachelewa.

La nne ni la huko kwetu. Gia ambayo ungepandia mlima ndiyo ya kushukia. Breki zikishikiliwa mteremko mzima hupata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Baba ataimba wimbo wake wa petroli. Mwache aimbe, wewe usitoe gia.

Usijifunzie barabarani. Nendeni chini kwenye mkonge, kuna uwanja mtupu. Panga mikebe, uizunguke polepole mpaka usiangushe hata mmoja, ndipo uongeze mwendo.

Na aliyekaa kushoto mkono wake uwe ndani. Usilitoe gari mahali mtu akiwa ameweka mkono dirishani. Usilitoe.

Mwandawiro


Bura,
16 Machi 1980

Kaka,

Tumeamka salama. Matokeo yametoka, nimepata Divisheni ya Tatu. Mama alipika kimanga cha watu kumi tukakila watatu. Picha yako imefika. Mama anauliza mbona ni ya kichwa tu, kama ya kitambulisho. Alitaka kuona kama umekonda. Tuma nyingine uliyosimama.

Baba amekubali. Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima, halafu nilipofungua mdomo nikasema tu, "Nataka kuendesha."

Akasema, "Wewe? Wewe unayemwogopa jogoo?"

"Jogoo hana breki, baba."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akasema bila kunitazama, "Basi njoo. Kabla sijakuwa mzigo." Ni mara yake ya kwanza kuyagusa macho yake kwa maneno.

Uwanjani niliua mikebe yote. Gari lilikuwa likiruka kama chura. Lakini ulichosema kuhusu macho ni kweli. Nilipoacha kuitazama mikebe nilianza kuikwepa.

Jambo moja. Nilimwona Badawy, rafiki yako, mbele ya gereji yake Voi. Aliuliza habari zako mara mbili, kana kwamba sikuwa nimemjibu. Alisema nikitaka kujifunza gari yeye yupo, hatataka chochote. Yuko karibu, kaka, na wewe uko mbali. Niende?

Wakio


Nairobi,
20 Aprili 1980

Wakio,

Hongera kwa matokeo. Nimechelewa kwa sababu ya kazi za Pasaka. Picha nyingine sina.

Kwa Badawy usiende.

Mvua za masika zimeanza, kwa hiyo sasa jifunze utelezi. Subiri uwanja wa mkonge ulowe. Nenda mwendo wa mtu anayekimbia, usiende zaidi ya hapo, kisha kata usukani ghafla. Nyuma ya gari itataka kutangulia mbele. Mwili wako utakuambia ukanyage breki. Usiukubali. Inua mguu kwenye mafuta taratibu, upeleke usukani upande ule ule ambao nyuma inakwenda, na macho yabaki unakotaka kufika. Gari likianza kunyooka, nyoosha usukani upesi kabla halijateleza upande wa pili. Rudia mpaka usiogope, ukomee hapo. Siku utakapoanza kufurahia utelezi barabarani, mpe mtu mwingine ufunguo.

Baba anaweka mkono ndani?

Mwandawiro


Bura,
18 Mei 1980

Kaka,

Mvua imebomoa choo cha shule lakini nyumba zetu zimesimama. Mama anaumwa mgongo. Hukumwandikia, akauliza kama amekukosea.

Nimepata leseni! Polisi aliyenipima Voi alisema, "Msichana, kwa nini unaendesha kama unabeba mayai?" Nikasema ni nyanya, afande. Baba alijikohoza kuficha kicheko.

Sasa ni mimi ninayeshusha akina mama, na baba anakaa kushoto. Natoka msalabani na gia ya pili, injini inalia njia nzima. Mama Loise, yule wa vitunguu, hupiga paa kwa kiganja. "Wakio! Umetunyima wimbo! Hatusikii hata midomo yetu!" Mwingine anadakia, "Mwacheni, bado anasoma barua ya kaka yake!" Maana wanajua unaniandikia. Naona haya mpaka masikio yanapata moto, lakini sitoi gia. Juzi nyuma iliteleza kwenye tope karibu na daraja. Niliinua mguu, nikapeleka usukani, gari likanyooka. Nyuma hakuna aliyejua. Baba alijua. Alisema tu, "Ah."

Mkono wake hauingii ndani. Anasema maisha yake yote unapata upepo dirishani. Siku moja nilisimamisha gari katikati ya njia nikakataa kwenda. Akauingiza. Kufika kona ya pili ulikuwa nje tena.

Naye ana mchezo ambao siupendi. Fimbo ya gia iko kwenye usukani, karibu na mkono wake wa kulia. Akina mama wakilalamika sana, anaigusa kwa vidole na kusema, "Tuwape kidogo?" Nasema, "Baba, tafadhali." Anaiacha.

Wakio


Nairobi,
15 Juni 1980

Wakio,

Nitamwandikia mama.

Mwambie baba asiguse gia ya mtu anayeendesha. Mwambie nimesema mimi.

Nilifikiri nisikuandikie somo hili, lakini afadhali ulijue. Breki zikifa na gari likakushinda, usilitupe bondeni na usingoje muujiza. Huko kwetu ukishuka, bonde liko kulia na ukuta wa mlima uko kushoto. Chagua ukuta. Usiupige kwa pua ya gari. Uuegemee kwa ubavu, polepole, kama ng'ombe anayejikuna mtini, na uendelee kujikuna mpaka gari lichoke. Amua mapema. Anayesitasita ndiye anayekwenda bondeni.

Mwandawiro


Bura,
29 Juni 1980

Kaka,

Huku baridi, mahindi yamechelewa kukauka, na mama hajapata barua yako bado.

Nimelisoma somo la ukuta. Nimeenda kwa miguu mpaka njiani kuutazama, nimejua mahali ulipo laini na mahali wenye mawe. Lakini nina swali, na ninaomba unijibu.

Anayeendesha anakaa kulia. Na aliyekaa upande wa ukuta, je?

Wakio


Bura,
17 Agosti 1980

Kaka,

Hukunijibu swali langu. Sasa halina haja.

Telegramu tulituma. Sijui kama ilikufika. Tulikungoja mpaka jioni, baba mkubwa Phineas akasema maiti haingoji, tukazika. Baba amelala chini ya migomba, karibu na bomba.

Ilikuwa siku ya soko. Asubuhi njema, kavu. Chini ya msalaba gari lilishika kasi. Nilikanyaga breki, zikashika, baadaye zikanuka, baadaye mguu ukazama mpaka sakafuni kama unakanyaga uji. Nilitaka kurudisha gia, ikalia, ikakataa. Mbele ilikuwa kona ile ya kulia ambako bonde linaonekana mpaka chini kwenye reli. Sikulitazama. Nilitazama ukuta.

Nilifanya kama ulivyoandika. Niliuegemea. Tulijikuna muda mrefu, udongo ukiingia ndani. Karibu tusimame. Kulikuwa na jiwe ambalo nililijua, kaka, nililiona nilipokuja kwa miguu, lakini mwendo ule haukuniachia kuchagua udongo. Liliingia kwa mlango wa baba.

Akina mama wote wako hai. Mama Loise amevunjika bega. Vitunguu vilishuka mpaka darajani peke yavyo.

Watu wanasema kwamba Mzee Fanuel aliendesha njia ile miaka yote hakugusa hata kuku, na siku alipompa msichana, msichana akamuua. Wanasema nikiwa pale pale.

Baada ya maziko baba mkubwa aliita kutasa. Hata wa kanisani hawakubisha. Bakuli la maji likazungushwa, kila mwenye uchungu moyoni achukue funda, aseme alilo nalo, ayateme chini ili uchungu utoke nayo. Mama alichukua funda lake. Alinitazama. Nilimwona koo likicheza. Aliyameza.

Wakio


Nairobi,
26 Agosti 1980

Wakio,

Telegramu ilinifika. Sikuja. Nitakueleza, lakini si leo.

Gari halishiki kasi chini ya msalaba likiwa na gia ya pili. Nakuuliza jambo moja tu, unijibu ukweli.

Gia ilikuwa ngapi?

Mwandawiro


Bura,
7 Septemba 1980

Kaka,

Mama hajambo kwa mwili. Tunakula chungu kimoja, anapakua, anasukuma sahani kwangu, hasemi. Bado anasubiri ile barua yako.

Nilijua wewe utauliza. Mwingine hakuuliza, hata polisi.

Ilikuwa fri.

Nilitoka msalabani na gia ya pili kama kawaida. Mama Loise akapiga paa. "Mzee Fanuel! Huyu mtoto wako atatuzika bila wimbo!" Wakacheka wote. Baba naye akacheka. Alikuwa na furaha siku ile, alikuwa ameona ndege mbele yetu akamtaja jina kabla yangu. Akasema, "Leo waimbe kidogo, Wakio." Kabla sijasema tafadhali, mkono wake ulikuwa umeshuka. Gia ikatoka. Injini ikanyamaza, na nyuma wakaanza.

Walikuwa wakiimba tulipogusa ukuta. Hawakujua.

Sijamwambia mtu. Wakinisema mimi, nipo, naweza kubeba. Wakimsema yeye, hayupo kujitetea. Na Mama Loise anakuja na bega lake limefungwa kitambaa, anamletea mama vitunguu, anamfariji. Nimwambie nini? Kwamba alikuwa anataka wimbo?

Lakini kuna kitu kimoja kinaninyima usingizi, wala si masengenyo. Nilichagua, kaka. Sikuanguka. Niliona upande wa wale akina mama wote na niliona upande wa baba, nikachagua, na nilijua nani amekaa wapi. Sijui kama alijua nilichofanya. Sijui kama alikufa akiniona mimi ndiye niliyempeleka pale. Tulipouacha ule upande wa bonde aliingiza mkono wake kutoka dirishani, akauweka mapajani juu ya mwenzake, basi. Kama mtu kanisani.

Wakio


Nairobi,
21 Septemba 1980

Mdogo wangu Wakio,

Nilifungua barua yako dirishani pa stoo watu wakiwa wamepanga foleni. Niliifunga stoo. Tajiri amenipigia kelele, na bado anapiga.

Uliniuliza swali mwezi wa sita nikanyamaza. Aliyekaa upande wa ukuta ni mimi.

Ni mwaka juzi, mashindano madogo tu, hata magazeti hayakuandika. Badawy alikuwa kwenye usukani, mimi kushoto na ramani magotini. Tulikuwa tunashuka, breki zikafa. Kulia, penye kona, watu walikuwa wamekuja kutazama magari, na watoto wameketi mbele. Badawy akachukua ukuta. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa dirishani. Ulikatwa juu ya kiwiko.

Ndiyo sababu picha ilikuwa ya kichwa. Ndiyo sababu hukuniona kwenye usukani wa pijo, wala kwenye maziko. Niliogopa kusimama juu ya kaburi la baba nisiweze hata kushika jembe, na watu waseme alimwonya. Barua ya mama nimeianza mara nyingi, kila mara nafika pale pa kusema sijambo, naichana. Badawy alikuja hospitali, nikageukia ukutani. Ameniandikia. Sijawahi kufungua.

Sasa unisikilize, kwa sababu katika dunia hii nadhani ni mimi tu ninayeweza kukujibu. Muda upo. Wanaosema mtu haoni kitu hawajawahi kukaa pale. Niliwaona wale watoto, nikaona ukuta, nikasema moyoni, uchukue. Nilitaka kumwambia Badawy auchukue, ila mdomo haukuwahi. Hasira haikuwako hata kidogo. Hasira ilinijia baadaye, kitandani, na nimeilisha mwenyewe tangu siku ile.

Baba mbele alikuwa anaona. Uliniandikia hivyo tangu barua ya kwanza. Na ukuta ulikuwa mbele. Miezi yote ile umemwomba aingize mkono, akakataa kwa mzaha, hata uliposimamisha gari. Siku ile hukumwambia, akauingiza. Mimi niliukubali ukuta nikausahau mkono. Yeye hakusahau. Mtu asiyejua anakopelekwa hafungi mikono mapajani.

Habari ya gia ni yako. Ukiiweka, nitaiweka nawe. Ukiisema, nitasimama karibu.

Jana asubuhi nilikwenda bombani nyuma ya stoo. Nilichukua funda. Nilijiona mjinga, fundi mmoja akaniuliza kama jino linaniuma. Nilitaja jina la Badawy, nikatema.

Ijumaa nitapanda treni, nitafika Voi Jumamosi asubuhi. Kwa mama nitakwenda na mkono huu mmoja, sina mwingine. Sijui kama atatema. Mimi ilinichukua muda mrefu, na mimi ni mkono tu niliopoteza.

Kabla ya kuja stesheni, pitia gereji ya Badawy. Ukikosa pa kuweka mikono, iache tu ining'inie. Mwambie aliyekaa upande wa ukuta ametema. Mwombe gari, lolote lenye breki.

Utaendesha wewe. Mimi nitakaa kushoto.

Kaka yako,
Mwandawiro